Sukari kupita kiasi inafanya nini mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wanayarudia kila sukari ikitajwa, iwe grupu la familia, foleni ya kliniki au kwenye msiba chai inapopita. Wengi wakisikia "punguza sukari" wanawaza keki na pipi, wakati nyumba nyingi huku kwetu sukari inaingia kwa kikombe, ndo maana vinywaji vimepewa nafasi kubwa. Kama unaishi na kisukari au unauguza mwenye kisukari, anzia sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Tunaposema sukari nyingi tunaongelea sukari ipi?

Ile unayoongeza wewe, mama ntilie au kiwanda, pamoja na asali, sirapu na juisi ya matunda. Shirika la Afya Duniani linaziweka zote kapu moja. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima au kwenye maziwa ya kawaida haihesabiwi humo. Chungwa ukilila na nyama zake halihesabiwi, ukilikamua linahesabiwa, na sababu yake ipo kwenye swali la juisi huko chini.

Kiasi gani kwa siku hakina shida?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati yote unayokula kwa siku. Kwa mtu mzima wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Alafu wakaongeza kwamba ukiweza kushuka chini ya asilimia 5, gramu 25 au vijiko 6, ni bora zaidi.

Sasa angalia neno kijiko. Hesabu hiyo ni ya kijiko cha chai cha kusawazisha, gramu 4 hivi. Kijiko chetu sisi ni cha kulundika, kinafika gramu 6 na kuzidi, na kuna nyumba wanachotea kijiko cha chakula kabisa. Mtu anakwambia "mi naweka viwili tu" na kweli ni viwili, ila ukivimwaga kwenye mizani unakuta vitatu na kuzidi.

Nani ana muda wa kupima gramu? Nitajuaje tunatumia kiasi gani nyumbani?

Angalia kilo yako ya sukari inakaa siku ngapi, basi. Hamna haja ya mizani wala apu ya simu. Chukua gramu 1,000, gawa kwa siku ilizokaa, gawa tena kwa idadi ya watu.

Mfano mko 5 na kilo inaisha kila siku 4. Hiyo ni gramu 250 kwa siku, gramu 50 kwa kila kichwa, kwa hiyo mshagusa ule ukomo wa juu na bado hamjahesabu soda ya mchana, biskuti za watoto wala juisi ya dukani. Na hapo umegawa sawasawa, wakati kiukweli kuna mtu mmoja nyumbani anakula sehemu ya wenzake wawili na mnamjua. Kama nyumba yenu inapokea wageni sana au mnauza maandazi toa hiyo sehemu kwanza, lakini usitoe kwa upendeleo.

Binafsi naona hiki kipimo ni bora kuliko kusoma lebo, manake kilo haidanganyi.

Mbona ugali na wali navyo vinageuka sukari tumboni? Si bora kuacha vyote?

Ni kweli wanga ukimeng'enywa unakuwa glukosi. Ila ugali wa dona uliokula na maharage na mchicha unaingia kwenye damu taratibu, una nyuzinyuzi, unashibisha, na ukishashiba unaacha. Chai ya vijiko vinne haishibishi mtu. Tofauti nyingine ni kwamba sukari ya mezani nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi, na fruktosi ina safari yake ambayo tutaiona kwenye swali la ini.

Haimaanishi wali ni ruksa mlima mzima. Sahani iliyojaa wali mweupe na mchuzi kijiko kimoja inapandisha sukari ya damu vizuri tu, hasa kwa mwenye kisukari. Jaza mboga nusu ya sahani alafu wanga uchukue robo.

## Chai, soda na juisi

Chai kweli inaweza kuwa tatizo? Tumekunywa tangu zamani.

Chai yenyewe haina shida yoyote, shida ni idadi ya vikombe mara idadi ya vijiko. Asubuhi kikombe na chapati, saa nne kingine kazini, jioni kingine, ukitembelea mtu unapewa ambacho kimeshakorogwa sukari kwenye chupa na huwezi kukataa. Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni vijiko 12, siku imeisha hapo.

Kinachosaidia zaidi kwa maoni yangu ni kuacha kuweka sukari kwenye sufuria au chupa ya chai, kila mtu ajiwekee mwenyewe mezani. Mwanzo wa 2024 sukari ilipoadimika Tanzania, mvua zilikuwa zimezuia viwanda kuvuna miwa, bei ikapaa, na nyumba nyingi zikajikuta zinakunywa chai ya kijiko kimoja bila daktari kusema neno. Iliposhuka bei tukarudi kule kule.

Soda moja ina sukari kiasi gani?

Soda nyingi za kola za kawaida zina gramu 10 hadi 11 kwa kila mililita 100. Chupa ya kioo ya mililita 350 inakupa gramu 35 hadi 38, vijiko 9 hivi. Zile za machungwa na nanasi mara nyingi haziko mbali, nyingine zinazidi. Chupa ya plastiki ya nusu lita ndo imekuja kuharibu kabisa kwa sababu mtu bado anaihesabu kuwa soda moja.

Vinywaji vya kuongeza nguvu havina tofauti kubwa kwenye sukari, alafu vina kafeini juu yake. Bodaboda anayekunywa viwili usiku ili asisinzie anakunywa na sukari ya soda mbili bila kujua.

Juisi freshi je? Hiyo si matunda?

Hili swali ndo linaleta ubishi mkubwa. Ukikamua machungwa manne unapata glasi moja, nyuzinyuzi umezitupa na ganda, sukari ya machungwa manne imebaki na inashuka kooni kwa dakika moja. Kaa ule machungwa manne uone kama utafika la tatu. Kwenye blenda unabaki na nyuzinyuzi kiasi kama huchuji, kwa hiyo ni afadhali kidogo, lakini huku kwetu tunachuja alafu tunaongeza sukari.

Na kuna matunda ambayo bila sukari hayanyweki. Chukua ukwaju: unaloweka, unauponda kwa mkono mpaka kokwa zitoke, unachuja, unaonja, uso unakunjamana, unamimina sukari, unaonja tena, bado, unamimina tena. Ukitumia robo kilo ya sukari kwa lita mbili, glasi ya mililita 300 ina gramu 37 na ushee. Ni soda hiyo, imebadilisha rangi tu. Ubuyu wa kunywa ni hivyo hivyo. Ukitengeneza mwenyewe pitisha kwa maji mengi, weka iliki au tangawizi, na anza na nusu ya sukari uliyozoea.

Juisi ya miwa yenyewe haina haja ya kuongezwa kitu, ni sukari ambayo haijafika kiwandani. Ndimu na tangawizi zinaifanya isikuchoshe ulimi ila haziondoi gramu hata moja.

Na soda za zero?

Kwa sukari ziko sawa, hazina. Ila Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo na sukari kama njia ya kupunguza uzito, kwa sababu ushahidi wa muda mrefu haukuonyesha faida ya maana. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Mwaka huo huo aspatemu, kitamu kimojawapo cha hizo soda, iliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani na watu wakapaniki, lakini kiwango kinachoruhusiwa hakikubadilishwa, kilibaki miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ambayo ni makopo mengi kuliko unayoweza kunywa kwa kawaida. Kama zinakusaidia kuvuka kutoka kwenye soda ya kawaida kwenda kwenye maji, sawa. Nazo zina asidi, kwa hiyo meno hayajapona.

## Mwilini kunatokea nini

Je, kula sukari nyingi kunaleta kisukari?

Inategemea kisukari kipi. Aina ya kwanza, ile inayowapata zaidi watoto na vijana, inatokana na kinga ya mwili kushambulia kongosho, haina uhusiano na pipi, kwa hiyo msimlaumu mzazi wa mtoto mwenye kisukari kwamba alimdekeza.

Aina ya pili ndo inayoingia hapa. Sukari haiibebi kesi peke yake, kuna uzito, kitambi, kukaa sana, umri na ukoo. Lakini wanaokunywa vinywaji vya sukari kila siku wanaonekana kwenye tafiti nyingi kupata kisukari zaidi, hata ukishaondoa suala la unene. Kwa hiyo yule mwembamba anayesema "mi sinenepi, hainihusu" asijiamini sana. Kama baba, mama au ndugu wa damu anacho, wewe uko karibu zaidi na mstari.

Wanasema sukari inaharibu ini kama pombe. Ni kweli?

Kuna ukweli mkubwa. Glukosi inatumika na karibu kila kiungo, lakini fruktosi sehemu kubwa inashughulikiwa na ini. Ikija kidogo kidogo hamna shida, ikija kwa mafuriko, tuseme soda mbili kwa mkupuo, ini linaigeuza mafuta, mengine yanaingia kwenye damu na mengine yanabaki hapo hapo. Ndo unakuta mtu hajawahi kuonja bia maisha yake yote, anaenda ultrasaundi kwa ishu nyingine anaambiwa ana ini lenye mafuta. Hatua za mwanzo haliumi wala halina dalili, na ukipunguza uzito na sukari linaweza kurudi vizuri.

Moyo na presha vinahusikaje? Si chumvi hiyo?

Chumvi iko pale pale. Sukari inaongezea kwa njia yake: inapandisha mafuta aina ya traigliseridi, inaleta kitambi, na wanywaji wa soda kila siku wanapata presha zaidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2014 ulikuta watu waliopata robo ya kalori zao au zaidi kutoka sukari ya kuongezwa walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo zaidi ya mara mbili ya wale waliokuwa chini ya asilimia 10.

Gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma? Ndiyo. Fruktosi ikivunjwa inaongeza asidi ya yuriki. Watu wanaacha nyama choma na bia alafu wanahamia kwenye soda, kidole gumba cha mguu kinaendelea kuwaka.

Meno yanaoza kwa sukari nyingi au kwa kutopiga mswaki?

Vyote, lakini kuna kitu kinasahaulika: mara ngapi ni muhimu kuliko kiasi gani. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari wanatoa asidi, na asidi ikizidi, pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, jino linaanza kuyeyuka. Mate yanachukua nusu saa au zaidi kurudisha hali. Sasa mtu anayekunywa soda yake ikaisha kwa dakika 10 anaumiza meno kidogo kuliko yule anayeipiga funda funda kuanzia saa sita mpaka saa tisa, manake kila funda saa inaanza upya. Pipi ya kumung'unya ni hivyo hivyo. Dawa ya meno yenye floraidi mara mbili kwa siku inasaidia, ila haishindi mdomo ambao haupumziki.

Sukari inapunguza nguvu za kiume?

Kijiko cha sukari leo hakikupunguzii kitu usiku huu. Ila kisukari kisichodhibitiwa kinaharibu mishipa midogo ya damu na neva, na sehemu hiyo inategemea vyote viwili. Kwa wanaume wengine hiyo ndo dalili ya kwanza, wanahangaika na dawa za mtaani mwaka mzima wakati kipimo cha sukari kingewaambia. Kapime kwanza kabla hujanunua mizizi.

Sukari inalisha saratani?

Seli zote zinatumia glukosi, za saratani zinatumia kwa wingi, lakini kuacha sukari hakuziui kwa sababu mwili unatengeneza glukosi wenyewe. Uhusiano wa kweli unapitia kwenye unene, ambao unaongeza hatari ya saratani kadhaa. Mgonjwa aliye kwenye matibabu na anakonda asinyimwe uji wenye sukari kwa ajili ya maneno ya kwenye simu.

## Asali, sukari guru na tende

Nikihamia asali au sukari guru nimepona?

Asali karibu asilimia 80 ni sukari, iliyobaki ni maji kwa sehemu kubwa. Ni tamu zaidi kwa hiyo ukitumia kidogo umepata nafuu, ukitumia kijiko kwa kijiko hujabadilisha kitu. Sukari guru ina madini kidogo sana, ungehitaji kula bonge zima ili yakusaidie na hapo umejimaliza kwa sukari yenyewe. Sukari ya brauni ndo kabisa, ni rangi ya molasi tu, na sukari nyingi ya viwanda vyetu tayari ina huo ubrauni.

Tende je, na mwezi wa Ramadhani?

Tende ndogo moja ina kama gramu 5 za sukari, zile kubwa nono zinafika 15 na zaidi. Zina nyuzinyuzi na madini, kufungulia kwa tende tatu ndogo na maji hakuna ubaya kwa mtu mzima mwenye afya. Kinachotokea ni kile kinachofuata mkekani: uji mtamu, kaimati zilizoogeshwa shira, tambi za sukari, juisi ya embe, alafu chai. Mtu kafunga saa kumi na tatu na anaongezeka kilo. Chagua kitamu kimoja kwa siku, vingine vipishane. Mwenye kisukari aongee na daktari kabla ya mwezi kuanza, dawa zinaweza kuhitaji kupangwa upya.

## Watoto

Sukari inaleta minyoo?

Hapana. Minyoo inatoka kwenye udongo, maji na mikono yenye mayai ya minyoo. Mama zetu walitutisha kwa hili na pengine meno yetu yalifaidika, lakini mtoto mwenye minyoo anahitaji dawa na choo kizuri.

Na utundu? Akila pipi anaruka ruka.

Hilo limepimwa, watoto wakapewa sukari au kitamu kingine bila wazazi kujua kipi ni kipi, na tabia hazikutofautiana. Tafiti hizo zilijumlishwa pamoja mwaka 1995, jibu likawa hilo. Anaruka kwa sababu ni bethdei.

Aanze sukari umri gani?

Kabla ya miaka 2 hana haja ya sukari ya kuongezwa, na vinywaji vya sukari visimguse. Uji wa lishe usio na sukari anaula vizuri tu kama hujamwonjesha mwingine, aliyeonja wa shangazi ndo anagoma. Ponda ndizi mbivu ndani yake. Asali kabla ya mwaka mmoja ni marufuku kabisa, na sababu sio utamu, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaoleta sumu inayolegeza misuli ya mtoto mpaka kupumua kukawa tabu. Na asilale na chupa ya maziwa yenye sukari mdomoni, rudi kwenye swali la meno uone kwanini.

## Vipimo na hali maalumu

Nikiona sisimizi kwenye mkojo nina kisukari?

Inawezekana, sukari inaanza kumwagika kwenye mkojo ikifika kama 10 kwenye damu (kwa kipimo cha milimoli kwa lita, mmol/L, ndo namba zote za sukari ya damu hapa chini). Lakini kisukari kinaanza chini ya hapo, kwa hiyo kukosa sisimizi hakumaanishi uko salama. Ukiwa na kiu isiyoisha, unakojoa sana usiku, unakonda bila sababu, fangasi zinarudi rudi au kidonda hakiponi, nenda ukapime.

Namba zinasomekaje?

Asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 na kuendelea ni kisukari, na kwa kawaida wanarudia siku nyingine kuhakikisha kama huna dalili. Wakati wowote ukiwa na dalili, 11.1 na kuendelea. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu, asilimia 6.5 na kuendelea. Kama mashine yako inasoma mamia, gawa kwa 18 upate hizi. Chini ya 5.6 asubuhi uko vizuri, katikati hapo ndo pa kujirekebisha mapema. Mjamzito ana viwango vyake vya chini zaidi, asijilinganishe na hizi.

Nikipunguza kichwa kinauma, nifanyeje?

Kama umepunguza na chai yenyewe, huenda ni kafeini. Shusha nusu kijiko kila wiki badala ya kukata ghafla, ulimi unazoea ndani ya wiki chache na baadaye chai ya ugenini inakuwa kama shira.

Nyumbani tuna mgonjwa wa kisukari, tutupe sukari yote?

Hapana, bakisheni. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge anaweza kushuka chini ya 3.9: anatetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, anaongea ovyo kama mlevi. Hapo sukari ndo dawa. Mpe vijiko 3 au 4 vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida kama mililita 150, subiri dakika 15, pima tena, na kama bado rudia. Akishakaa sawa apate chakula. Akiwa hajitambui usimwekee kitu chochote mdomoni, atapaliwa, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na hakikisha aliyetumwa dukani hajaleta ile ya zero.